Taji la Majilio linalokauka kabla ya Krismasi

Dada wa Mafinga, umeuliza kuhusu taji la Majilio, lile duara la matawi lenye mishumaa minne, mmoja kwa kila Jumapili ya majuma ya kungojea Krismasi: mshumaa wa kwanza uwashwe lini, na kwa nini matawi hukauka mapema. Washa Jumapili iliyo karibu zaidi na Novemba 30. Mshumaa wa rangi ya waridi, kama parokia yenu inautumia, ni wa Jumapili ya tatu. Tawi la paini likishakatwa halipati tena maji kutoka kwenye mti: ziloweke ncha zilizokatwa usiku kucha kwenye ndoo, ndipo ufunge kwa waya. Wiki mbili zikipita weka matawi mabichi, maana makavu yana utomvu na hushika moto haraka. Mshumaa ukifupika hadi sentimita 5, badilisha. Wanaosema taji hili ni desturi ya Kikatoliki tangu zamani, hapana: alianza Mlutheri, Johann Hinrich Wichern, Hamburg, Ujerumani, 1839, kwa kupanga mishumaa juu ya gurudumu la mkokoteni.