Maswali yenu: Shamba lililofungwa na deni katika sheria ya Kiyahudi

Nilipogusia juu juu kwamba katika sheria ya Kiyahudi mdai aweza kumfuata hata mtu aliyenunua shamba la mdaiwa wake, maswali yalimiminika. Nayajibu machache.

*Nimenunua kwa pesa yangu halali, deni si langu. Kwa nini ninyang'anywe?*

Kwa sababu shamba lilikuwa limeshafungwa kabla hujafika. Mtu akikopa kwa hati, ardhi yote aliyonayo siku hiyo inabeba deni, hata kama hakuna kiwanja kilichotajwa. Akiuza baadaye, mzigo unaondoka na shamba. Lakini akikopa kwa mdomo, mbele ya mashahidi bila hati, mdai atalipwa kwa mali iliyobaki mikononi mwa mdaiwa tu. Wewe uliyenunua hakugusi. Ndivyo isemavyo Mishna, mkusanyiko wa sheria za Kiyahudi uliopangwa mwanzoni mwa karne ya 3, katika kitabu chake cha Bava Batra sura ya 10.

Deni si deni tu? Talmudi, mkusanyiko wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, inajibu kwa neno moja: *kol*, sauti. Hati ina sauti. Mwandishi ameitwa, mashahidi wametia sahihi, habari imevuma mtaani, na mnunuzi mwenye kuuliza angeambiwa. Deni la mdomo halivumi.

Msingi wake ulizua ubishi. Rabi mmoja wa Talmudi, Ulla, alisema kwa Torati madeni yote mawili yanafunga ardhi, ila la mdomo lililegezwa ili wanunuzi wasipate hasara. Mwenzake Rabbah akageuza kibao: kwa Torati hakuna linalofunga, ila la hati lilipewa nguvu ili mlango usifungwe mbele ya wakopaji. Mimi niko na Rabbah. Anamfikiria mtu ambaye kesho atabisha hodi kuomba mkopo, na tajiri wa ndani anajiuliza atalipwa na nini.

*Kwa hiyo mdai anakuja kwangu moja kwa moja?*

Hapana. Maadamu mdaiwa amebaki na ardhi yake, hata ile mbovu isiyoota kitu, mdai aanze nayo. Kama mdaiwa ameuza kwa watu kadhaa, anayeguswa kwanza ni mnunuzi wa mwisho, kwa kuwa wa kabla yake atasema: nilipokuwa nanunua, nilikuachia mahali pa kulipwa. Tena mdai hachukui shamba lililouzwa mpaka aape kwamba hajalipwa.

Ukishanyang'anywa, unamrudia aliyekuuzia. Hata hati yako ya ununuzi ikiwa haikutaja dhamana, Talmudi inahesabu kwamba mwandishi ameisahau. Nani anatupa pesa zake bure?

*Na mnyama aliyewekwa rehani je?*

Rehani ya kutaja kitu kimoja huitwa *apotiki*, neno la Kigiriki. Rabi mwingine wa Talmudi, Rava, alisema: aliyemweka mtumwa wake apotiki kisha akamuuza, mdai humfuata mtumwa huyo; akimweka ng'ombe au punda, mdai hana lake. Kwa nini? Sauti tena. Ya mtumwa yangevuma. Nani anafuatilia madeni ya punda?

*Wadai wawili, shamba moja?*

Mwenye hati ya tarehe ya mapema zaidi anatangulia. Jerusalem waliandika hata saa. Na hati ya mkopo iliyorudishwa tarehe nyuma ni batili, maana ingewapokonya watu walionunua katikati.

*Itakuwaje mdai akimwandikia mnunuzi kwamba hana madai naye?*

Swali hili nimelipenda kuliko yote, kwa sababu kitabu kingine cha Mishna, Ketubot, sura ya 10, kina kisa chake. Mume wa wake wawili anauza shamba lake, na mahari ya maandishi ya wake wote wawili, yaani pesa ambazo mke hudai mume akifa au akimwacha, imelifunga. Mke wa kwanza anamwandikia mnunuzi: sina neno nawe. Mume anafariki. Mke wa pili hakuandika kitu, kwa hiyo analichukua shamba kwa mnunuzi. Wa kwanza hati yake ni ya tangu zamani, analichukua kwa wa pili. Mnunuzi anatoa ile karatasi, analichukua kwa wa kwanza. Wa pili huyo tena mlangoni. Kila mmoja ana haki juu ya aliye mbele yake tu, na shamba linazunguka kama tiara.

Mahakama ifanye nini? Mishna haimtaji mshindi. Inasema wazunguke hivyo hivyo mpaka wapatane wenyewe, na kwamba hukumu ya mdai ni hiyo hiyo. Sijawahi kuona sheria inayokiri ukomo wake waziwazi hivyo.

*Mdaiwa akipata pesa baadaye, shamba lake linarudi?*

Linarudi. Shamba lililokadiriwa na mahakama na kukabidhiwa kwa mdai humrudia mwenyewe siku atakapoleta pesa. Wengine waliweka ukomo wa miezi 12; uamuzi ukawa ni wakati wowote, kwa agizo la Kumbukumbu la Torati 6:18 la kutenda yaliyo sawa na mema. Ila mdai akiwa ameshaliuza kwa mwingine, hapo halirudi tena.