Wageuza Kurasa Wapya, Njooni Tukae Kidogo

Jana nimemwona kijana mmoja, mgeni wa wiki hii, aliyepewa kazi ya kumgeuzia mpiga piano kurasa za nota, ameketi kulia kwake. Kulia! Bangili tatu mkononi, mikono ya shati inaning'inia kama pazia, chuingamu mdomoni. Nikamwita pembeni kwa upole ambao kwa kweli sikuwa nao. Leo asubuhi mwenzake kawasha mashine ya kufyonza vumbi ukumbini, fundi wa piano yuko katikati ya kutyuni nyuzi. Fundi hakugomba. Aliweka ufunguo wake chini, akafumba macho, na mimi nikajua chakula cha mchana kimeharibika.

Basi wadogo zangu, naandika. Huu ni mwaka wangu wa tisa kujitolea kwenye tamasha hili dogo la hapa Ujerumani, na makosa yenu nayafahamu vizuri kwa sababu mengi niliyaanzisha mimi. Ratiba mnayo: mchana piano peke yake, jioni muziki wa chemba, yaani wa kundi dogo la wapigaji, usiku filamu za muziki kwenye sinema ya zamani iliyoshikana ukuta na ukumbi. Sitaeleza zaidi.

1. Kaa kushoto kwa mpiga piano, nyuma kidogo. Simama mapema, shika pembe ya juu ya ukurasa wa kulia kwa mkono wa kushoto, ngoja kichwa chake kiiname, geuza, kaa. Usipitishe mkono mbele ya macho yake. Usifuate mdundo kwa mguu. Usiimbe. Ndiyo, yupo aliyewahi kuimba.

2. Saa ya fundi ni kama saa ya ibada. Piano kubwa ya jukwaani ina nyuzi zipatazo 230, na noti nyingi zina nyuzi tatu zinazotakiwa zitoe sauti moja. Fundi anasikiliza mtetemo mdogo kati ya waya na waya, ule unaokwenda wau-wau-wau mpaka unatulia. Ukikokota viti hapo, umemfuta masikio. Kabla hamjanibishia, tazameni filamu ya Pianomania ya mwaka 2009, inayomfuata Stefan Knüpfer, fundi wa kampuni ya piano ya Steinway kule Vienna, akihangaikia sauti ambayo mimi na wewe hatuisikii. Mimi nilikuwa nadhani mafundi wetu wana maringo. Baada ya filamu ile nilikwenda kumwomba wetu radhi, ingawa hakukumbuka kosa lenyewe.

3. Piano haisukumwi na mtu mmoja mwenye bidii. Steinway D, piano kubwa ya jukwaani, ina urefu wa sentimita 274 na kilo 480, na miguu yake mitatu haikuumbwa kwa kuvutwa kwa pembeni. Iteni watu. Iteni watu wanaojua.

4. Uliza kuhusu marudio. Hapa ndipo nilipofia.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili, jioni ya Trio ya pili ya Schubert, ya piano, fidla na selo, ile ya 1827 inayoandikwa D. 929 kwenye orodha ya kazi zake. Asubuhi ya mazoezi nilitumwa sinema kupanga viti, nikaenda kwa furaha, maana nilijiona sihitaji mazoezi. Mimi nimekulia kwenye tarumbeta za Walutheri kule Moshi! Wenzangu wa kwaya walisoma solfa, d r m f, mimi nikasoma nota za mistari mitano, na kiburi cha mistari mitano kikanifuata hadi Ujerumani.

Ukumbi umejaa. Tunaanza. Sehemu ya kwanza inakwenda kama maji, nageuza vizuri, hata nimeanza kujipongeza. Tukafika kwenye alama ya kurudia, zile nukta mbili pembeni ya mstari mnene. Zimechapwa wazi kabisa, nami ni mtu wa kutii kitabu. Nikasimama, nikakamata kurasa zote tulizopita, nikazirudisha nyuma kwa mpigo mmoja, kama mwenye duka anayefungua daftari la madeni.

Wao wakaenda mbele. Walikuwa wamekubaliana asubuhi, mimi nikiwa kwenye viti, kwamba hawarudii.

Mama yule wa piano alipiga kwa kichwa kwa muda, na Mungu ambariki, lakini Schubert wa pale hampi mtu nafasi ya kuvuta pumzi. Akanong'ona, "Mbele!" Nikaenda mbele, nikapitiliza. "Nyuma!" Nikarudi, nikapitiliza tena. Karatasi moja iliyokuwa imelegea ikachomoka, ikashuka taratibu kama jani la mwembe, ikatua juu ya pedali chini ya kiatu chake. Mkono wake wa kulia ukanyamaza. Wa kushoto ukabaki peke yake huko kwenye besi, ukishikilia nyumba isianguke. Wa fidla akamtazama wa selo, wa selo akanitazama mimi. Watu wa redio walikuwa wanarekodi.

Wakajikuta tena baadaye, sijui wapi, maana nilikuwa nimeacha kusoma. Na bado tulikuwa na sehemu tatu nzima.

Sehemu ya pili ni ile ambayo hata asiyemjua Schubert anaijua, kwa kuwa mwongozaji Stanley Kubrick aliitia kwenye filamu yake ya Barry Lyndon mwaka 1975. Piano inatangulia vipimo viwili, kama hatua za mtu aliyechoka, kisha selo inaingia na wimbo. Watu walikuja kwa ajili ya dakika hizo. Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa nabana kurasa kwa vidole viwili nikihakikisha ni mmoja tu, jasho linanitiririka mgongoni, na koti la kuazima.

Sasa sikieni ujanja wa kamati yetu: ili siku iwe na mada, filamu ya usiku ule ilikuwa hiyohiyo Barry Lyndon, na zamu ya chumba cha mashine ya filamu ilikuwa yangu. Kubrick haupigi wimbo ule mara moja akaridhika. Kila ulipotokea tena tumbo lilinikata, na filamu yenyewe ina zaidi ya saa tatu.

Kesho yake mama wa piano alinikuta jikoni naosha vikombe. Nikaanza, "Samahani sana, mama, jana..." Akanikatiza: "Kabla hatujaingia jana, uliniuliza maswali mangapi?" Nikasema hakuna. "Leo nataka kumi." Jioni ile alikuwa na Kwinteti ya piano ya Brahms, ya wapigaji watano. Nikamuuliza kumi na nne: hili mnarudia, hapa nigeuze mapema kiasi gani, ukurasa huu unaujua kwa kichwa, ukitikisa kichwa ni ishara au ni hisia tu? La kumi na nne lilikuwa kama bado amekasirika. Akasema hilo halihusu kurasa, nikaushe vikombe.

Na wenye kupewa D. 929, ulizeni pia kuhusu sehemu ya mwisho: Schubert mwenyewe aliipunguza kabla ya kuchapishwa, na siku hizi wengine hupiga ile ndefu ya awali.

Wanaotumia tableti na pedali ya Bluetooth hawatuhitaji. Waulizeni chaji.

5. Ukuta wa sinema ni mwembamba. Kabla ya kuwasha filamu, tazama saa na tazama ratiba ya ukumbini, maana milio ya vita ya filamu upande huu na sehemu ya polepole upande ule haviendi pamoja. Jaribu sauti mchana, fundi akiwa hayupo.

Tena kuna filamu ya Christopher Nupen ya 1969, ya kwinteti ya Schubert ya samaki trauti: Barenboim kwenye piano, Perlman, Zukerman, Jacqueline du Pré, na Zubin Mehta, ambaye dunia inamjua kwa kuongoza okestra, kakamata besi, ile ala kubwa ya nyuzi ya kusimama nayo. Nyuma ya jukwaa wanachekeshana na kubadilishana ala. Kila mwaka wapya wakishaiona huja kazini wakidhani nyuma ya jukwaa ni mahali pa kuchezea. Wale walikuwa wanacheza na ala zao wenyewe. Wewe teremsha hilo selo la watu.

6. Msicheke ombi la msanii. Mpiga piano Glenn Gould alizunguka dunia na kiti kifupi alichorekebishiwa na baba yake. Mwenzake wa piano, Richter, miaka yake ya mwisho alipiga ukumbi ukiwa gizani, taa moja tu juu ya nota. Kwa hiyo akikuomba stuli ishuke nusu sentimita, shusha nusu sentimita, na usinitazame mimi kwa jicho la kuuliza kama yuko sawa.

7. Maji. Hakuna kinachowekwa juu ya piano: si maua, si simu, si programu za watazamaji, si ile chupa ya rangi ya bluu ninayoiona kutoka hapa nilipokaa. Fundi anarudi saa kumi na moja. Ni ya nani?