GM1 imepotelea wapi kwenye niuroni changa?

SWALI: Nakuza maabarani seli shina za neva kutoka kwenye viinitete vya panya, nikifuatilia gangliosaidi, yaani mafuta yenye sukari ya utando wa seli, kama GD3 na GM1. Siku za mwanzo GD3 huonekana vizuri sana. Nikiziacha zikomae kuwa niuroni, natarajia GM1 ipande, na kipimo cha mRNA kinaonyesha jeni ya B4galnt1, ya kimeng'enya kinachohitajika kuitengeneza, imepanda kweli. Lakini nikipaka kijisehemu B cha sumu ya kipindupindu, ambacho hushika GM1, chenye rangi ing'aayo, niuroni nyingi ni giza tupu. Nilizikaza kwa paraformaldehaidi, nikazitoboa kwa sabuni ya Triton X-100 ya asilimia 0.3 ili nipate na tubulini, protini ya kiunzi cha ndani ya seli, ndipo nikapaka. Je, seli zangu hazijakomaa?

JIBU: Kabla ya kuzishuku seli, ishuku Triton.

Gangliosaidi si protini, na hapo ndipo wengi wetu huteleza. Ni mafuta: mkia wake, seramidi, umezama kwenye tabaka la nje la utando wa seli, na mnyororo wa sukari wenye asidi ya sialiki (aina ya sukari yenye asidi) ndio unaochungulia nje. Paraformaldehaidi hushika protini kwenye amino zake na kuzifunga pamoja; GM1 haina amino huru ya kushikwa. Kwa hiyo ulipodhani umekaza kila kitu, GM1 ilikuwa bado inaelea kwenye utando, kisha ukaimwagia sabuni ambayo kazi yake ni kuyeyusha mafuta. Sehemu iliondoka na maji ya kusuuzia. Nyingine, na hili ni baya zaidi, huhama ikatua pengine: imeshaonekana kwamba Triton huweza kupeleka gangliosaidi hadi kwenye tishu ya panya asiyeweza kabisa kuitengeneza. Basi hata zile seli zako chache zinazong'aa usiziamini sana. Na GD3 je? Hukusema, ila nakisia uliipaka bila Triton, kwa kuwa siku hizo hukuwa unatafuta tubulini.

Geuza mpangilio. Weka seli juu ya barafu zikiwa hai, zipake kijisehemu B kwenye bafa baridi, suuza, ndipo ukaze. Sasa unachokaza ni ile sumu yenyewe, ambayo ni protini. Baridi hiyo si mbwembwe. Kijisehemu B kina vipande vitano, kila kimoja kikishika GM1 yake, hivyo kwenye nyuzi joto 37 huzivuta molekuli pamoja na seli ikaanza kuzimeza. Utaona vidoadoa badala ya mstari laini kuzunguka seli. Tubulini ije baadaye kwa saponini, kitoboaji kingine cha utando, au ipakwe kwenye seli za kioo kingine kabisa. Mimi huchagua kioo kingine, seli zikitosha.

Giza likibaki hata baada ya hapo, bado usikate shauri. GM1 ni kituo cha katikati. Kimeng'enya cha B4galnt1 huongeza sukari kwenye GM3 ikawa GM2, na hichohicho huigeuza GD3 kuwa GD2. Kutoka GM2 hupatikana GM1, kisha GD1a. Kutoka GD2 hupatikana GD1b, kisha GT1b. (Herufi ya pili huhesabu asidi za sialiki: M moja, D mbili, T tatu.) Seli inayosukuma kazi mbele kwa kasi inaweza kuwa na B4galnt1 nyingi na GM1 kidogo, kwa sababu imeshaivisha asidi nyingine ya sialiki. Kijisehemu B hakiioni GD1a.

Jaribio lake ni rahisi: gawa seli mara mbili, nusu uzipe sialidezi ya Vibrio cholerae (bakteria wa kipindupindu) kabla ya kupaka. Kimeng'enya hiki hukata asidi za sialiki za nje na kuiacha ile ya ndani ya GM1, hivyo GD1a, GD1b na GT1b zote hurudi kuwa GM1. Nusu hiyo ikiwaka na nyingine ikabaki giza, niuroni zako zimekomaa kuliko ulivyodhani. Zote mbili zikibaki giza, angalia kama GD3 bado iko juu. Katika ubongo wa kiinitete cha panya, GM3 na GD3 hutawala mwanzoni, na zamu hubadilika takriban siku ya 14 hadi ya 16 ya mimba. GD3 hukaa pamoja na kipokezi cha EGF (protini inayopokea ishara ya kukua) na kukisaidia kisiharibiwe, jambo linaloziwezesha seli shina kuendelea kujizalisha. Ikikataa kushuka, huenda seli zako bado ni shina.

Ukitaka uhakika, fanya kromatografia ya bamba jembamba, inayotenganisha mafuta hayo moja moja, na upulizie resosinoli, kemikali ya kuyatia rangi. Gangliosaidi zitatokea kwa zambarau. Ila kabla ya hapo, ukiyatenganisha na mafuta mengine kwa klorofomu, methanoli na maji, usitupe tabaka la chini kwa mazoea. Sehemu ya GM3 hubaki humo, na kwa seli za siku za mwanzo ndiyo hasa unayoihitaji.