Je, The Way Back ni kisa cha kweli?

Kaka, umeuliza kama filamu ya The Way Back ya 2010 ni kisa cha kweli. Kuna ukweli ndani yake, ila si ule wanaokuuzia. Mwongozaji Peter Weir aliitoa kwenye kitabu cha 1956 cha Mpolandi Sławomir Rawicz, aliyedai kutoroka kambi ya wafungwa Siberia na kutembea kwa miguu hadi India. Mwaka 2006 BBC ikaibua hati, nyingine alizoandika mwenyewe, zikionyesha Wasovieti walimwachilia 1942 akapelekwa kambi ya wakimbizi Iran. Hakutoroka.

Itazame hata hivyo. Pale wanapokata magome ya mti kuwa barakoa za kuzuia dhoruba ya theluji, mimi mtoto wa Masindi nilivuta blanketi na joto lote lile. (Tafuta isiyotafsiriwa na VJ, yule jamaa anayesimulia filamu kwa sauti yake juu ya ile ya waigizaji. Ya kibandani kwetu jamaa alipiga porojo hadi jangwani, watu wanakufa kiu sisi tunacheka.)

Ukweli wenyewe uko hapa hapa Uganda. Wapolandi waliohamishiwa Siberia na Wasovieti waliachiliwa kwa msamaha wa 1941, na maelfu yao wakapitia Iran wakaishia kambi za Koja kule Mukono na Nyabyeya kwetu Masindi, wengi wakiwa akina mama na watoto. Kanisa walilojenga Nyabyeya bado limesimama, karibu na msitu wa Budongo. Ukifika, zunguka hadi makaburini usome yale majina, ulimi utakuteguka.