Mtoto mwenye shanti akitapika, usikimbilie kusema ni meno

Mwanangu aliwekewa shanti akiwa na miezi miwili. Kwa asiyeijua, ni mpira mwembamba unaotoa maji yaliyojaa kwenye ubongo na kuyapitisha chini ya ngozi, nyuma ya sikio, shingoni, kifuani, hadi tumboni ambako mwili huyafyonza. Tuliporuhusiwa kwenda nyumbani nilijua yamekwisha. Hakuna aliyenikalisha chini akanieleza kwamba mpira ule huziba, tena kwa wachanga huziba zaidi.

Alipofika mwezi wa tano akaanza kutapika. Kisha usingizi: namwamsha anyonye, anavuta mara mbili tatu, analala tena. Kila aliyemwona alisema ni meno, nami nikakubali kwa siku mbili. Siku mbili hizo zinaniuma mpaka leo. Siku ya tatu nilimpakata wima, ametulia kabisa, nikapitisha kidole utosini. Pametuna, pamekaza kama shavu lililojazwa hewa. Macho yalikuwa yameshuka, weupe unaonekana juu ya mboni. Usiku huohuo alirudishwa chumba cha upasuaji; ncha ya mpira iliyo ndani ya kichwa ilikuwa imeziba.

Ndiyo maana nakusihi: uzoee utosi wa mwanao akiwa mzima. Uguse kila siku akiwa ameshikwa wima na halii, maana akilia au akilala chali hutuna wenyewe, ukakudanganya. Mpime mzunguko wa kichwa kila wiki na uandike kwenye daftari. Kichwa kikianza kukua kwa kasi, daftari hilo ndilo litakalokusemea mbele ya daktari.

Maambukizi nayo hujitokeza zaidi miezi ya mwanzo baada ya upasuaji. Homa, wekundu unaofuata njia ya mpira, kidonda kuvuja: nenda, usimwanzishie antibaotiki nyumbani. Mara nyingi shanti iliyoambukizwa hutolewa, mtoto akatibiwa kwanza, ndipo awekewe nyingine. Utosi ukibonyea kuliko kawaida yake, huenda maji yanatoka kupita kiasi. Hilo pia ni la hospitali. Na ile vali nyuma ya sikio, kidude kinachoongoza maji yapite kwenye mpira kwa kiasi, usiibonyezebonyeze kuijaribu kama hukuelekezwa.

Ukifika, neno lako la kwanza liwe kwamba mtoto ana shanti, hata kama umempeleka kwa kuhara.