Maswali ya wasomaji: jiwe la Lugalo, nguzo ya mlimani na Askari wa Posta

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni mtu wa safari za Dar na Makambako, kila basi likishapanda Kitonga na kupita Ilula naona kibao cha mnara wa Lugalo, ila gari halisimami na konda nikimuuliza anasema hapo Wajerumani walipigwa, basi. Walipigwa na nani na kuna cha kuona pale au ni jiwe tu? – Msomaji, Makambako

JIBU: Ndugu yangu ni jiwe, lakini siku ukiwa na usafiri wako simama kabisa. Tarehe 17 Agosti 1891 msafara wa jeshi la Mjerumani ulikuwa unapita hapo kwenda kumtia adabu Mkwawa, mtawala wa Wahehe, una askari zaidi ya 300, wapagazi, mizinga na bombom (bunduki za rasharasha), unaongozwa na Emil von Zelewski ambaye Wahehe walimwita Nyundo. Wahehe walikuwa wamejificha kwenye vichaka na mawe, wengi wao wana mikuki na ngao tu, wakatoka kwa pamoja na ndani ya dakika chache kazi ikawa imeisha. Nyundo akafa hapohapo na maofisa wake na askari wengi sana, bunduki kama 300 na mizinga ikachukuliwa. Ndio maana kambi ya jeshi pale Dar inaitwa Lugalo na hospitali yake pia, watu wanatibiwa pale kila siku na wengi hawajui jina limetoka wapi, inaniuma kwa kweli.

Sasa ukifika pale soma jiwe halafu jiulize limewekwa na nani. Liliwekwa na Wajerumani kwa ajili ya Wajerumani waliokufa. Wale askari weusi waliokufa na Zelewski, na Wahehe walioanguka wakitetea nchi yao, hao jiwe halikutengenezwa kwa ajili yao. Mimi nasema jiwe lisivunjwe, libaki hivyohivyo maana nalo ni ushahidi, ila usiondoke Iringa ukiwa umesoma hilo moja tu. Nenda Kalenga, ni kama kilomita 15 kutoka mjini njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Mkwawa iliyovunjwa kwa mizinga mwishoni mwa Oktoba 1894, na kwenye makumbusho yake kuna fuvu la kichwa cha Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Lilitajwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, na bado ikachukua miaka 35 kurudi! Ukiwa na muda endelea mpaka Mlambalasi, Mkwawa alikojipiga risasi Julai 1898 ili asikamatwe akiwa hai, alikuwa ameshawakimbiza porini karibu miaka minne. Ukizunguka kote huko ndio utaelewa lile jiwe la barabarani.

SWALI: Shikamoo mhariri. Kijijini kwetu mlimani kuna nguzo fupi ya zege ina namba juu, vijana wanasema ni alama ya mali za Mjerumani, kuna mtaalamu amekuja na mashine anataka tuchange hela tuchimbe. Na chini kidogo kuna makaburi ya zamani wameshaanza kuyafukua. Ni kweli kuna dhahabu? – Dada wa Tabora

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usitoe hata mia. Nguzo fupi ya zege yenye namba juu ya mlima kwa kawaida ni bikoni ya wapima ardhi, wanaweka juu ili ionekane kutoka mbali na ndio inatumika kutengeneza ramani, na kuiharibu ni kosa kisheria. Nendeni ofisi ya ardhi ya wilaya na namba hiyo mkaulize.

Hizi stori za dhahabu najua zinakotoka na kwenu Tabora zina mzizi wa kweli. Mwaka 1916 vita ilikuwa imekata meli, hela hazifiki kutoka Ujerumani, basi wakatengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 hapohapo Tabora, zina picha ya tembo, dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Kutoka hapo watu wakajijazia kwamba kila mlima una sanduku, na sasa makaburi ya watu yanafukuliwa nchi nzima, kuta za boma zinatobolewa, na wanaokula hela ni hao wenye mashine.

Kuchimba sehemu ya kale bila leseni kumekatazwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa hiyo mwambieni mwenyekiti wa kijiji leo, si kesho, hayo makaburi ndio mali yenyewe na yakishafukuliwa hayarudi. Kaburi la nani, ukoo gani, walikuja lini, hayo bado kuna bibi au babu anayajua. Kaa naye umrekodi kwa simu, afu tafuta mzee wa ukoo mwingine umuulize hayohayo bila kumwambia wa kwanza alisemaje, pale wanapotofautiana ndio uulize zaidi. Ukifika Dar ingia Nyaraka za Taifa, kuna vitabu vya wilaya ambavyo mabwana shauri wa Kiingereza, yaani wakuu wa wilaya wa wakati wa ukoloni, waliandika habari za machifu, mipaka na koo, vina makosa yake lakini ukivilinganisha na ulichorekodi unapata picha nzuri sana.

SWALI: Yule askari wa sanamu la Posta Dar ni nani hasa? – Mwanafunzi, Temeke

JIBU: Si mtu mmoja mwenye jina. Liliwekwa na Waingereza mwaka 1927 kwa ajili ya askari na wapagazi wa Kiafrika wa vita ya 1914 hadi 1918. Kabla yake hapo alisimama Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, Waingereza wakamng'oa na akaishia Hamburg ambako wanafunzi walimwangusha 1968. Maandishi ya sasa yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, na hao ndio waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na njaa, na hakuna hata jina moja lililochongwa pale. Nenda Jumapili asubuhi magari yakiwa machache, zunguka pande zote, kuna Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, na ukirudi Temeke uliza nyumbani kama kuna babu wa ukoo wenu aliyebeba mizigo kwenye vita ile.