Ukipiga Hema Iringa, Usikimbilie Ruaha

Kila ninapolala kambini kando ya barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya, huona jambo lile lile. Wageni hufika jioni wakiwa wamechoka kwa kupanda mlima wa Kitonga nyuma ya malori, hupiga hema, hula, hulala, na kabla jua halijapanda wamekwisha kuling'oa na kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha au mpaka wa Tunduma. Siwalaumu, kwa sababu katika safari yangu ya kwanza nami nilifanya hivyo hivyo, na ilinichukua miaka kadhaa kutambua kwamba nilikuwa nimepita katikati ya mojawapo ya maeneo yenye historia nzito katika nchi yetu bila hata kushuka garini. Ushauri wangu kwa mwenye hema Iringa ni kwamba atenge angalau siku mbili kamili kwa ajili ya mahali palipo karibu na kambi yake, na Ruaha aiweke mwisho, kwa mpango wake wa peke yake.

Siku ya kwanza iwe ya Isimila, ambako ni kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini kwa njia ya Mbeya. Kwa waliopiga kambi upande huo wa mji ni mwendo mfupi mno, na ufupi huo ndio huwadanganya watu wakaahirisha kwenda mpaka saa sita mchana. Nami nilidanganyika hivyo. Nilishuka korongoni jua likiwa utosini, mchanga ukirudisha joto usoni, na zile nguzo za udongo ambazo watu husafiri mbali kuziona zilikuwa zimepoteza umbo lote kwa sababu hapakuwa na kivuli cha kuzichonga. Mwaka uliofuata nilirudi saa mbili asubuhi, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba kila nguzo ina tabaka zake, nyekundu juu ya kijivu, kijivu juu ya njano, na kwamba mwanga wa ubavuni ndio unaozionyesha. Anayekwenda Isimila na aende asubuhi, au alasiri jua linapoanza kulala, akiwa na viatu vyenye meno na maji ya kutosha. Katika miezi ya mvua, ambayo Iringa huanza karibu na Desemba na kuendelea hadi Aprili, njia ya kushuka huteleza, hivyo ni vema kumsikiliza mwongozaji akisema leo tusishuke.

Wengi huja kwa ajili ya nguzo, lakini mimi ninapenda zaidi kile kilichotawanyika chini. Hapo zamani palikuwa na maji yaliyotuama, na watu wa kale wa Enzi ya Mawe waliishi kando yake, wakawinda na kuchonga mawe. Udongo ukazifunika zana zao, kisha mto wa msimu ukaukata udongo huo kidogo kidogo mpaka zana zikarudi kuonekana. Mahali hapa palitambuliwa mwaka 1951, na uchimbaji mkubwa uliongozwa na mtaalamu wa Marekani, F. Clark Howell, mwaka 1957 na 1958. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilikadiria umri wa kiasi cha miaka 260,000. Mashoka ya mkono yamelala pale pale, mengine yakiwa marefu kuliko kiganja cha mtu mzima. Ilipatikana pia mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalikuwa yameinuka juu ya fuvu kiasi kwamba aliweza kutazama nje ya maji huku mwili wote ukiwa umezama. Mwombe mwongozaji akueleze kipande kimoja cha jiwe kwa utulivu, akuonyeshe mahali lilipogongwa na upande uliokusudiwa kushikwa, badala ya kukutembeza mbio. Na usiokote chochote. Nimewahi kumwona mgeni akitia jiwe mfukoni kama mtu anayeokota kombe pwani, na nilisikitika kwa sababu jiwe lile, likiondolewa mahali pake, halina tena cha kumweleza mtafiti.

Siku ya pili nakuomba uitoe yote kwa Mkwawa. Kalenga iko kiasi cha kilomita 15 kutoka mjini, katika njia iendayo Ruaha, na watu wanaowahi lango la hifadhi huipita kwa kasi wakiacha vumbi. Hapo ndipo palipokuwa na makao makuu ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, yakiwa yamezungushiwa ukuta wa mawe na udongo. Jina lenyewe la Iringa hutokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome, na ngome hiyo ilikuwa Kalenga. Mji wa leo ulio juu kilimani ulianzishwa na Wajerumani baada ya ngome kuanguka. Makumbusho ni madogo, ya chumba ambacho mtu mwenye haraka atakimaliza kwa dakika kumi, na ndiyo maana ninasisitiza kwamba usiingie ukiwa na haraka.

Ili Kalenga ikuingie moyoni, yafaa ujue mtiririko wa mambo kabla hujafika. Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, kilishambuliwa na Wahehe huko Lugalo, na Zelewski mwenyewe akauawa. Wajerumani walirudi kulipiza kisasi, na tarehe 30 Oktoba 1894 waliivunja Kalenga baada ya kuipiga kwa mizinga. Wenyeji husimulia kwamba jina la Tosamaganga, kilima kilicho jirani, linahusu mawe yaliyorushwa, yaani zile risasi za mizinga ambazo watu walikuwa hawajapata kuziona. Mkwawa hakukamatwa. Alipigana vita vya kuvizia kwa karibu miaka minne, zawadi ya rupia 5,000 ikitangazwa kwa atakayeleta kichwa chake, hadi tarehe 19 Julai 1898 alipozingirwa na kujiua kwa bunduki yake mwenyewe kuliko kutiwa mikononi mwa adui. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia, ulitaja fuvu hilo katika kifungu cha 246 na kuitaka Ujerumani ilikabidhi kwa Uingereza, lakini ilipita miaka mingi zaidi kabla Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, hajalitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen na kulirudisha mwaka 1954, akilikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Fuvu hilo limo ndani ya chumba hicho, katika kisanduku cha kioo. Mara ya kwanza nilipolitazama nilikuwa na vijana wawili wa familia yangu waliokuwa wamecheka njia nzima, na walinyamaza wenyewe bila kuambiwa. Nashauri mgeni avue kofia, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha yoyote, na amsalimie mlinzi kwa Kihehe, kwa neno moja tu: kamwene. Neno hilo limenifungulia masimulizi mengi kuliko maswali niliyoyaandaa kwenye daftari. Kwa mtu aliyekuja na watoto wa shule, Kalenga ni mahali ambapo vita walivyovisoma darasani hupata uso, na ningependa kila mzazi anayepita Iringa na hema lake awape watoto wake saa hiyo moja.

Ukiwa bado na nguvu na gari la kuaminika, endelea na njia hiyo hiyo hadi Mlambalasi, mahali Mkwawa alipofia na ambako mwili wake ulizikwa bila kichwa. Ni mbali zaidi, kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini, na pana pango la miamba ambamo watafiti wamefukua mabaki ya watu walioishi huko maelfu ya miaka kabla ya Mkwawa. Pana ukimya mzito, hapana kibanda cha kuuza maji wala mahali pa kula, kwa hiyo beba kila kitu kutoka kambini. Mnara wa Lugalo uko upande wa pili kabisa, mashariki mwa mji katika barabara ya Morogoro, na kwa sababu hiyo usijaribu kuuunganisha na Mlambalasi kwa siku moja. Ni bora usimame hapo siku unayokuja kutoka Dar es Salaam au unayorudi. Robo saa inatosha.

Mji wenyewe wa Iringa huwa ninauacha kwa siku ambayo mwili unataka kupumzika. Boma la zamani la Wajerumani lilifunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa mwaka 2016, na linafaa kutembelewa kabla ya Kalenga kwa sababu linakupa picha pana ya watu wa nyanda hizi, kilimo chao, vyombo vyao na imani zao. Kutoka hapo unaweza kutembea kwa miguu hadi sokoni kununua vikapu vya Iringa vilivyosukwa kwa nyasi ziitwazo milulu. Nunua kwa akina mama wanaosuka wenyewe, na muulize mama jinsi anavyopaka rangi na muda anaotumia kwa kikapu kimoja. Ukishasikia jibu hutapata moyo wa kumpunguzia bei sana. Jioni panda Gangilonga, jiwe kubwa lililo juu ya mji ambalo jina lake kwa Kihehe humaanisha jiwe linaloongea, na ambalo simulizi hulihusisha na Mkwawa aliyekwenda hapo kutafuta shauri. Panda ukiwa na mwenzako, na uteremke kabla giza halijaingia.

Mufindi nitaitaja kwa ufupi, si kwa sababu haipendezi, bali kwa sababu inahitaji hali nzuri ya hewa ambayo hakuna anayeweza kukuahidi. Mafinga iko kiasi cha kilomita 80 kusini-magharibi mwa mji wa Iringa, na ukipinda hapo unaingia katika mashamba ya chai yanayokwenda mpaka ukingo wa safu ya milima, ukiwa umepita misitu ya kupandwa ya Sao Hill yenye misindano na mikaratusi. Siku yenye jua ni mandhari isiyosahaulika. Siku yenye ukungu hutaona hata mchai wa tatu. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Mufindi ni kali, na hata hemani karibu na Iringa usiku wa miezi hiyo huhitaji blanketi la pili juu ya begi la kulalia.

Sasa Ruaha. Kutoka mjini hadi hifadhini ni kama kilomita 130, na kila nilipoipita njia hiyo sehemu yake kubwa ilikuwa ya vumbi na matuta. Anayetoka kambini saa kumi na mbili asubuhi, kambi ikiwa upande wa Mbeya, atafika langoni jua limekwisha kuwa kali na wanyama wamejificha vivulini, kisha ataanza kuihesabu saa ya kurudi kabla hajaona chochote cha maana. Nilifanya safari hiyo ya kwenda na kurudi siku moja mara moja tu, na nilichokumbuka baadaye ni usukani. Kibali cha kuingia ni cha saa 24, hivyo njia yenye faida ni kung'oa hema, kulihamishia kambi ya ndani ya hifadhi kwa usiku mmoja, uingie mchana na utoke kesho yake mchana, ukiwa umepata jioni moja na alfajiri moja kando ya mto. Jaza mafuta mjini, nunua chakula mjini, na ujiandae kulipia kwa kadi au kwa kumbukumbu namba, kwa kuwa fedha taslimu hazitakusaidia langoni.

Nenda kati ya Julai na Oktoba ukiweza. Katika miezi hiyo tembo, tandala na simba hukusanyika kwenye madimbwi yaliyobaki ya Mto Ruaha Mkuu, na utaona wengi kwa siku moja. Lakini mwulize askari wa hifadhi kwa nini ni madimbwi tu. Atakueleza kwamba tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikatika kabisa wakati wa kiangazi, kwa sababu ya matumizi ya maji kule juu katika bonde la Usangu, na kwamba sehemu ya bonde hilo iliunganishwa na hifadhi mwaka 2008 kwa nia ya kuulinda mto. Mimi hupenda kukaa kwenye ukingo wa mchanga ule mkavu saa ya jioni, gari likiwa limezimwa, nikimtazama tembo akichimba kwa mguu na mkonga mpaka maji yanajaa polepole shimoni, na wanyama wadogo nyuma yake wakisubiri amalize kunywa.